Ukuta wa Vitovu

Kila aliyepita pale aliugusa. Wanawake waliotoka sokoni waliupapasa kwa kiganja, wanaume waliugonga kwa ngumi na kutega sikio, na mjumbe mmoja wa kamati, mtu wa kupenda kuonekana, alibandika shavu lake ukutani mbele za watu akatangaza kuwa ni laini kuliko shuka za harusi yake. Watu wakacheka. Ukuta wenyewe ulikuwa mweupe, wenye kimo cha watu wanne, umeukumbatia mji wa Mbalwe upande wote wa ziwa lililokuwa likipanda, na kila mkupuo wa ujenzi ulipopita ulizidi kung'aa. Huu ulikuwa mkupuo wa nane kati ya kumi na miwili.

Subilaga hakuugusa. Alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka kigingi cha kumi na saba, kipimo chake mapajani, akisoma namba moja kwa mara ya tatu.

Thelathini na mbili.

Mkupuo wa sita alipata thelathini. Wa saba, thelathini na moja. Namba ile ilikuwa tofauti ya mwinamo kati ya kipande kimoja cha ukuta na kipande kilicho jirani yake, na katika ukuta unaotulia hupungua karibu nusu kwa kila mkupuo, ikaenda kumi na sita, nane, nne, mpaka ikapotea. Hapa ilikuwa imekaa tu. Macho yaliona ukuta unalainika. Kipimo kiliona ukuta unaojikunja ndani ya ngozi yake, mikunjo midogo na midogo zaidi, na hata mmoja haukuwa umepoteza ukali wake.

Mchwa walipita mbele yake kwa safu wakirudi kwenye mapipa yao. Hawakuwa wadudu. Vilikuwa vyombo vidogo vya ukubwa wa punje ya maharage, maelfu kwa maelfu, na watu waliviita mchwa kwa sababu vilibeba tope tumboni na kulitema mahali palipotakiwa. Asubuhi walifanya mkupuo mmoja, alasiri wa pili. Kanuni yao mtoto wa shule angeielewa. Unaanza na vigingi arobaini na kimoja vilivyopigwa kandokando ya mji. Kati ya kila vigingi viwili unaweka alama mpya: unatafuta katikati ya majirani wawili wa karibu, unatafuta katikati ya majirani wawili wa mbali, unapima zimeachana kiasi gani, kisha unaisukuma alama yako nje kwa sehemu fulani ya kiasi hicho. Alama za zamani huzigusi. Mkupuo unaofuata unarudia yale yale kati ya alama zote, za zamani na mpya, na unaofuata tena, mpaka alama zinakaribiana kiasi kwamba huoni alama, unaona ukuta.

Siri yote ilikuwa kwenye ile sehemu fulani. Vitabu vilisema moja ya nane. Ukutani, kati ya kigingi cha kumi na saba na cha kumi na nane, palikuwa na mbili ya tano.

Aliyeiweka ni Subilaga mwenyewe.

"Dada Subi! Utaota mizizi hapo."

Ilikuwa sauti ya Melania Kapufi, anakuja na kikombe cha chai ameshika kwa khanga asiungue. Melania alikuwa mshonaji, na nyumba yake ilikuwa moja ya nyumba kumi na moja za Mtaa wa Ng'ambo, zilizojipanga pale ambapo ukuta ulitoa kitambi kuelekea ziwani. Watu wa Ng'ambo hawakuwa wenyeji. Ziwa liliwatoa kwao miaka minne iliyopita, wakatembea majuma matatu katika mvua kuja Mbalwe, na njiani wakazika watu kumi na tisa.

"Umekonda," Melania alisema. "Huu ukuta unakula watu nini?"

"Kazi tu, dada."

"Kunywa kwanza. Nikwambie jambo? Mama mkwe wangu, tangu maji yatutoe kule, hajawahi kulala bila viatu. Miaka minne. Anasema yakija tena asianze kutafuta. Basi juzi kaja kaushika ukuta, kaupapasa weee, kisha usiku kavua." Alicheka, kisha akajifuta macho kwa kona ya khanga. "Kavua viatu, dada Subi. Mungu akulipe wewe na mikono yako."

Subilaga aliinywa chai yote ikiwa ya moto, makusudi, ili apate kisingizio cha kutojibu.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kamati ya mji ilipokubali ukuta ujengwe, ilikata kauli kwamba kigingi kitapigwa juu ya chungu cha kitovu na si penginepo. Kule Mbalwe mtoto akizaliwa, kitovu chake huwekwa kwenye chungu kidogo na kuzikwa mpakani mwa kiwanja cha wazazi, na ukoo wenye chungu ardhini ndio wenye mji. Asiye na chungu ni mpita njia, hata akikaa miaka mia. Na ukuta, kamati ikaongeza, upite juu ya kila kigingi, usikwepe hata kwa unene wa kidole. Mafundi waliwaonyesha kanuni nyingine, ya kukata pembe, inayozaa ukuta mtulivu kuliko wote lakini unaopita kwa ndani bila kugusa kigingi hata kimoja. Wajumbe walipouona mchoro nusura wavunje meza. Nani atakubali chungu chake kibaki majini?

Mtaa wa Ng'ambo haukuwa na chungu, kwa hiyo haukuwa na kigingi. Kwa moja ya nane, ukuta ungepita nyuma ya nyumba zote kumi na moja. Na sheria iliyotungwa mwaka wa njaa ilikuwa bado iko hai: ukuta ukishafungwa, asiye na kigingi hapewi hata pa kutandika mkeka ndani. Wangerudi barabarani. Subilaga aliyajua yote haya siku alipokaa peke yake mbele ya mtambo wa kuwaongoza mchwa, akafuta moja ya nane katika kile kipande kimoja, akajaribu robo, akajaribu theluthi, mpaka kwenye mbili ya tano mstari ukatoka kitambi na kuzimeza nyumba zote bila kuhitaji kigingi. Alikagua kama fomu ya ukaguzi ilivyotaka: je, alama zinakaribiana? Zilikaribiana. Je, mkupuo baada ya mkupuo ukuta unafika mahali? Ulifika. Akatia sahihi, akaenda nyumbani amefurahi, akala ugali mara mbili.

Alikagua kama ukuta unafika. Hakukagua unafikaje.

* * *

Mhandisi Nsajigwa alikuwa mtu wa maneno machache na mashati yaliyonyooka, na ndiye aliyemfundisha Subilaga kazi tangu hajui hata kushika kipimo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso. Kisha akafunga mlango wa karakana, akasema, "Tuyaone kwa macho. Namba zinaweza kudanganya."

Subilaga alijua namba hazidanganyi, na Nsajigwa naye alijua, lakini mtu akipewa habari kama ile hutafuta pa kushikilia.

Wakawaagiza mchwa wachache wakuze kuta mbili ndogo ndani ya hodhi la majaribio, kila moja na urefu wa mkono mzima, mikupuo kumi na miwili ya haraka haraka. Moja kwa moja ya nane, nyingine kwa mbili ya tano. Zilipokauka hungezitofautisha. Nsajigwa alizipitishia kidole, akafumba macho, akapitisha tena, akatikisa kichwa.

"Zote laini."

"Tazama kwa lenzi, Mhandisi."

Akainama. Ukuta wa kwanza chini ya lenzi ulikuwa mstari uliopinda taratibu, na alipokuza ulizidi kunyooka. Wa pili ulikuwa na mikunjo. Alikuza, ndani ya mkunjo mmoja palikuwa na mikunjo mingine ya umbo lile lile. Alikuza tena, vivyo hivyo. Alisimama wima akavua miwani, akaifuta kwa shati lile lililonyooka, jambo ambalo Subilaga hakuwahi kumwona akilifanya.

"Fungulia maji."

Maji yalipanda nyuma ya kuta zote mbili. Dakika tano, kumi, na hakuna kilichotokea. Nsajigwa alianza kuvuta pumzi vizuri. Dakika ya kumi na nne, kwenye ukuta wa mbili ya tano, pakatokea mstari mwembamba kuliko unywele. Haukutokea pale ukuta ulipokuwa mwembamba, wala pale maji yalipokuwa mengi. Ulitokea kwenye mkunjo, ukapanda juu ukifuata mikunjo, bila kelele, bila haraka, na ulipofika juu ukuta ule ulifunguka ukamwaga maji yote miguuni mwao.

Walisimama wamelowa mpaka magotini. Mchwa waliosombwa walikuwa wakihangaika sakafuni.

"Nani mwingine anajua?" Nsajigwa aliuliza.

"Wewe tu."

"Basi tuko wawili, na tunatosha." Aliona Subilaga alivyomtazama, akainua mkono. "Nisikilize, binti yangu. Ukuta wa kweli ni mnene mara mia. Unaweza kushika mwaka. Unaweza kushika miaka kumi, ziwa likashuka, tukafa na kuzikwa na watu wakatusifu. Ukisema leo, unajua kamati itafanya nini? Itarudisha moja ya nane kabla chakula cha mchana hakijapoa. Wale wa Ng'ambo watarudi njiani na wazee wao na mvua hii. Utakuwa umewaua kwa kusema kweli."

"Na ukipasuka mwakani?"

"Nimesema unaweza kushika."

"Na ukipasuka, Mhandisi? Ukuta hautachagua wa Ng'ambo na wa wapi. Utapasukia kwao, maji yataingia kwa wote."

Nsajigwa alianza kukunja vidole kimoja kimoja. Alikuwa akihesabu siku, na Subilaga naye alikuwa akizihesabu. Ziwa lilipanda kiganja kizima kila kutwa na lilikuwa limebakiza siku kumi kufika mguu wa ukuta. Kubadilisha namba sasa kusingesaidia kitu, maana kwa kanuni hii alama iliyokwisha wekwa haisogei milele. Kosa la mkupuo wa kwanza lilikuwa bado limo ndani, likizaa. Ukuta ulipaswa kuyeyushwa wote, siku mbili, na kukuzwa upya tangu vigingi, siku sita. Nane kati ya kumi. Hapakuwa na nafasi ya kuliahirisha jambo hili hata usiku mmoja.

"Nitasema mimi," alisema. "Jina lako sitalitaja."

Nsajigwa alichukua ufagio wa maji akaanza kusukuma maji kuelekea mlangoni, amempa mgongo. "Litaje," alisema. "Fomu yako niliipitisha mimi bila kuisoma."

* * *

Ukumbi wa ushirika ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti Lutengano, mwanamume mnene mwenye sauti ya kuhubiria, alimwacha Subilaga aseme yote: namba aliyoiweka, sababu yake, hodhi, siku nane. Hapakupigwa kelele. Hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa amejiandaa kuzomewa. Alipata ukimya wa watu mia tatu wanaokumbuka walivyobandika viganja vyao ukutani.

Mwishowe Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, umetuweka pabaya. Ila umesema. Mhandisi, ukirudisha moja ya nane leo, ukuta utakuwa salama?"

"Utakuwa salama," Nsajigwa alisema.

"Basi tuyeyushe leo."

"Na Mtaa wa Ng'ambo?" Subilaga aliuliza.

Wajumbe wakaanza kutazama karatasi zao. Melania alikuwa amesimama nyuma kabisa, mlangoni, ambako watu wa Ng'ambo husimama siku zote hata viti vikiwa vitupu.

"Wapeni kigingi kimoja," Subilaga alisema. "Kimoja tu, mbele ya nyumba yao ya mwisho. Sihitaji mbili ya tano wala ujanja wowote. Kigingi kikiwepo, moja ya nane inawazunguka, na ukuta unatulia. Kimoja, Mwenyekiti."

"Juu ya chungu gani?"

Kabla hajajibu, mtu alisimama safu ya mbele. Alikuwa mama yake.

Bibi Syabumi alikuwa na miaka sabini na mbili na mgongo ulionyooka, na neno lake katika kamati lilikuwa zito kuliko la Mwenyekiti. "Mimi nawaonea huruma," alisema. "Nani hana huruma? Lakini tukimpa huyu kigingi bila kitovu, kesho atakuja mwingine, keshokutwa mwingine, na kila kigingi kinauvuta ukuta. Mtajenga ukuta wa kuzunguka dunia? Binti yangu amekosa kwa sababu ya huruma. Tusirudie kosa lake kwa kura."

Watu wakaguna kwa kukubali. Subilaga alimtazama mama yake na hasira ikampanda mpaka masikioni. Aliijua hadithi ya nyumbani kwao, ingawa haikusimuliwa mara nyingi. Wazazi wake walifika Mbalwe na kikapu kimoja na watoto watatu wa kiume waliozaliwa kwingine. Miaka miwili walilala kwenye banda la watu. Kisha akazaliwa yeye, kitinda mimba, kitovu chake kikatiwa kwenye chungu, na asubuhi ile ile baba yake akapewa kiwanja. Katika chungu kilichokuwa chini ya kigingi cha kumi na saba mlikuwa na kitovu kimoja tu.

"Mwenyekiti," alisema. "Chungu ni cha nani? Cha ukoo au cha mwenye kitovu?"

"Cha mwenye kitovu. Jambo hilo linajulikana."

"Na kigingi kinafuata chungu?"

"Kinafuata," Mwenyekiti alijibu. Safu ya mbele, Bibi Syabumi alikuwa ameshaelewa. Alikaa chini polepole, mkono mmoja ukitafuta kiti.

"Basi nakihamisha changu," Subilaga alisema. "Nakizika mbele ya nyumba ya mwisho ya Ng'ambo. Vigingi vitabaki arobaini na kimoja. Hamtampa mtu kitu."

"Dada, usifanye hivyo!" Melania alipaza sauti kutoka mlangoni. "Nyumba ya mama yako je?"

Kila mtu ukumbini alijua jibu. Nyumba ya Bibi Syabumi ilikuwa juu ya kilima kidogo kilichochomoza ziwani, na ni kigingi cha kumi na saba kilichouvuta ukuta mpaka huko. Kikiondoka, mstari ungetoka kigingi cha kumi na sita moja kwa moja hadi Ng'ambo, na kile kilima kingebaki upande wa maji, pamoja na nyumba, migomba, na kaburi la baba yake Subilaga.

Mwenyekiti aliuliza kama yupo anayejua sheria ya kuzuia jambo hilo. Walitafuta mpaka jua likawa la utosi. Hawakuipata, maana tangu mji uwepo hakuna mtu aliyewahi kufikiri angetaka kulifanya.

* * *

Alichimba mchana ule ule, mwenyewe, kwa jembe la mama yake. Bibi Syabumi alitoka akasimama kibarazani. Hakulia wala hakufoka, laiti angefoka.

"Ile namba ulinificha," alisema.

"Nilikuficha, mama."

"Hili umelisema mbele yangu."

"Ndiyo."

"Angalau." Alikitazama chungu kilipotoka udongoni, kidogo, chenye ufa shingoni. "Nilikifinyanga mimi hicho. Baba yako alisema ni kibaya." Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, "Kitovu ni chako, kipeleke unakotaka. Mume ni wangu, na hapa ndipo alipo. Mimi sihami."

Subilaga alidhani ni maneno ya siku moja. Siku mbili za kuyeyusha zilipita, ukuta ukachuruzika kurudi kwenye mapipa, na mama yake hakuhama. Kaka zake watatu walikuja kwa zamu, wakakaa kibarazani, wakalishwa, wakaondoka. Mwenyekiti alituma askari wawili wa mji. Walirudi mikono mitupu, kwani walimkuta amekaa juu ya kaburi la mumewe akichambua mboga, na nani angemkokota pale? Melania alienda na mama mkwe wake. Walikaa tangu asubuhi mpaka alasiri. Melania alipotoka aliomba chungu kirudishwe, wao wako tayari kuondoka, wamezoea. Subilaga akamwuliza kama mama mkwe amezoea. Melania alivitazama viatu vya mama mkwe.

Siku ya tatu mchwa walianza upya. Moja ya nane, kila mahali, bila upendeleo. Kutoka mkupuo wa tatu Subilaga alipita na kipimo, na mara hii alisoma kwa sauti watu wasikie. Ishirini na tisa. Kumi na sita. Tisa. Tano. Watu walishangilia kila namba iliposhuka, kama wako kwenye mechi. Alipofika nyuma ya kilima, mahali ambapo ukuta mpya ulipita nyuma ya nyumba ya mama yake, namba zilikuwa nzuri kupita sehemu zote. Aliziandika na kujiona anazichukia. Ukuta ulikuwa sahihi, ulikuwa mtulivu, na kwa kila mkupuo ulikuwa mrefu zaidi kati yake na mama.

Maji hayakungoja hesabu ya mtu. Siku ya saba yaliingia migombani. Siku ya nane asubuhi, siku ya mkupuo wa mwisho, yalikuwa hatua thelathini kutoka kibarazani, ya rangi ya majivu, yamebeba mabua na vyombo vya plastiki vya watu wengine.

Ukuta wote ulikuwa umefungwa, isipokuwa tundu moja nyuma ya kilima, la upana wa mtu mmoja, ambapo mchwa walikuwa wakipitisha tope. Subilaga ndiye aliyechagua liwe pale. Nsajigwa alijua kwa nini. Alisimama nyuma yake sasa, ameshika mtambo kwa mikono miwili.

Upande wa pili wa tundu, mama yake alikuwa amesimama na khanga safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Pita hapa. Nakuomba. Nimepiga magoti, mama, unaniona?"

"Nakuona. Simama, utachafua nguo." Bibi Syabumi aliweka kiganja kwenye ukingo wa tundu, akaupapasa kama walivyoupapasa wengine wote, kwa makini. "Namba ngapi leo?"

"Nusu. Chini ya nusu."

"Ni nzuri hiyo?"

"Haijawahi kuwa nzuri hivi."

"Na wale wa Ng'ambo wamo?"

"Wamo wote."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho Subilaga hakukijua, si msamaha, si lawama. "Siku ile kwenye ukumbi niliogopa," alisema. "Nilidhani wakiingia wao, siku moja mtu atakumbuka kuwa na sisi tuliingia. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka ulijue."

"Basi ingia, mama! Nani atakuuliza sasa?"

"Hapa sijaingia kwa mtu. Hapa nimefika." Aliondoa kiganja. "Ukiliacha tundu hili kwa ajili yangu, yatapita hapo hapo. Unajua kuliko mimi. Funga, mwanangu."

Akageuka akaenda zake kuelekea kibarazani, bila haraka.

Subilaga alibaki amepiga magoti. Aliita mara moja, mara mbili. Nyuma yake Nsajigwa alisema kwa sauti ya chini kwamba maji yamebakiza hatua ishirini na tano, na kwamba tope lina saa moja tu ya kushika. Akasema kama hawezi, yeye atabonyeza. Subilaga akanyoosha mkono bila kugeuka, akapewa mtambo. Namba ya kwanza aliiweka peke yake bila kumwambia mtu. Hakutaka hii iwe ya mtu mwingine. Akabonyeza.

Mchwa waliingia tunduni kwa maelfu. Alama mpya ikakaa katikati ya zile za jirani, ikasukumwa nje kwa moja ya nane, na kati ya hiyo na zile nyingine, nyingine tena. Dakika chache tu. Kilima kikawa ufa wa mwanga, kikawa mstari, hakikuonekana tena. Nsajigwa alisoma kipimo, akasema robo, akaondoka ili asimwone analia.

Subilaga aliweka shavu kwenye ukuta. Ulikuwa laini, laini kweli, hata chini ya lenzi usingekuta kosa. Kupitia ndani yake alisikia sauti, akazuia pumzi ili aisikie vizuri. Ilikuwa ufagio wa njiti. Mama yake alikuwa akifagia uwanja, kama kila asubuhi, kuanzia mlangoni kwenda nje. Akaupiga ukuta kwa ngumi zote mbili akaliita jina lake, si mama, jina lake lenyewe, Syabumi, Syabumi, mpaka koo likakauka, na upande wa pili ufagio haukusimama.